Injini Inayozaa Oili

Jumatatu, 9 Juni
Kivukoni asubuhi. Nimesafisha chujio la dizeli, nimekaza mkanda, nimempiga Mama Mkwe kofi la mgongo. Mama Mkwe ndiyo injini ya mashua yetu. Kizee, anakohoa, hasikii la mtu. Nimefika Tanga, Mombasa, mpaka Komoro, sijaona injini kuukuu inayotii kama hii. Kwa sababu sijaona fundi kama mimi.

Leo nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Sijaongeza hata tone siku nyingi, na oili imepanda! Injini za wenzangu zinakula oili. Yangu inazaa. Nimemwita Sefu aone. Sefu ni nahodha, mwenzangu kwenye mashua, kamuoa dada yangu Zuhura.

Hakucheka. Jana injini ilizima mlangoni mwa bandari, pantoni inatujia, tanga halina upepo. Kaapa: ikileta balaa tena anaing'oa, na mimi natoka nayo. Mashua ndiyo maisha yangu. Nimemwambia alale usingizi.

Jumanne, 10 Juni
Kariakoo, dukani kwa Chande, muuza spea. Tumekua naye Magomeni. Nikajisifu mbele ya wateja.

"Oili haizaliwi, bwege wewe," akasema. "Pampu inavuja, dizeli inashuka tumboni. Siku injini ikiinywa hiyo, haizimiki."

Watu wakacheka. Nikamtandika ngumi ya mdomo. Naye akanichapa usoni kwa feni belti. Tukaangukia rundo la mabomba ya moshi, tukagaragazana, mama muuza sidiria wa meza ya jirani akatuchapa wote kwa ndala. Damu shati zima. Nimeshinda kwa pointi.

Jumatano, 11 Juni
Jicho limefunga. Oili imepanda tena. Nimekitazama kile kijiti sana. Chande ana wivu tu. Nimekifuta, nimekirudisha.

Alhamisi, 12 Juni


Tumewasha, ikaitika mara moja. Halafu mlio ukaanza kupanda. Ukapanda. Nikafunga dizeli. Haikusikia. Nikang'oa mpira wa dizeli wenyewe. Ikazidi! Inakunywa ya tumboni mwake. Moshi mweupe, hatuonani. Mashua inatikisika kama ina degedege. Bolti ya kitako ikakatika, ikapita sikioni kwangu kama risasi. Watu wa mashua ya jirani wakajitosa majini.

Injini ikipandwa na wazimu huo, dawa ni kuinyima pumzi. Sefu akavua shati, akazungusha mkono wa shati kiganjani ashike vizuri, akaziba tundu la hewa. Shati likachomoka, gurudumu la injini likalidaka, likamvuta na mkono wake. Nimesikia mifupa juu ya kelele zile zote.

Nikachukua kisu. Nikakata pande la tanga letu, nikalichovya baharini, nikalishindilia kwenye tundu, nikalilalia kwa kifua. Inaninyonya ngozi. Naitukana mama yake na bibi yake. Ikapiga teke moja, ikafa.

Nikamchomoa Sefu, nikamfunga mkono kwa kipande cha tanga. 

Ijumaa, 13 Juni
Hospitali, Upanga. Wamemkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kiganja kimenusurika. Zuhura amenizaba makofi mbele ya wauguzi mpaka akachoka. Nimesimama tu apige. 

Nikarudi Kivukoni, nikafungua tumbo la injini. Oili ikatoka nyepesi kama chai ya rangi. Dizeli. Nimempiga Mama Mkwe kwa spana mpaka spana ikaruka, ikanichana kipaji cha uso. Namchukia. Mimi najichukia zaidi.

Jumapili, 15 Juni
Saa za kuona wagonjwa. Nimempelekea Sefu machungwa. Nikamweleza yote: pampu, dizeli, kwamba Chande alinionya nikampiga. 

"Kile kijiti ulichonionyesha Jumatatu, shemeji, kilinuka dizeli."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Fundi si wewe?"

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

Nikammenyea chungwa, maana mwenyewe hawezi. Nikamlisha pande moja moja. Akasema injini itoke. Nikangoja anitaje na mimi. Hakunitaja. Akaomba chungwa lingine.