Malachy Heraty Aliyekufa Si Baba

Bangor Erris,
Mayo.
12 Februari 1988

Mdogo wangu mpendwa Fintan,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya Boston haijakushinda na kile kifua kimepoa. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Baba hajafa. Naanza na hilo kwa sababu shada lako la maua lilifika juzi, na najua binamu Una alikupigia simu kabla hajauliza mtu.

Jumatatu asubuhi redio ilisoma jina la Malachy Heraty kati ya waliofariki. Kabla sijamaliza kukamua, uwanja ulishajaa watu na nyama ya nguruwe, keki na chupa za wiski. Baba akatokea zizini na ndoo mkononi. Mama Gaughan, jirani yetu, akamkagua juu hadi chini.

"Malachy, mbona hujafa?"

"Nilikuwa na kazi."

"Basi mimi keki yangu sirudi nayo."

Watu wakacheka. Mimi nikakaa juu ya ngazi nikalia, kwa uchovu tu.

Aliyekufa ni yule Malachy wa mpira, aliyeifungia kaunti goli la ushindi, yule ambaye picha yake imetundikwa katika kila baa. Hatuna undugu naye, ni jina tu. Alifia mjini, peke yake, katika chumba cha kupanga. Baba alipoambiwa alinigeukia.

"Attracta, pakia vyakula vyote garini. Hawa wamekuja kumlilia Malachy Heraty. Wakamlilie."

Huko mjini tulikuta watu watatu wamekaa na maiti. Sisi tulikuwa zaidi ya sitini. Nimekata mikate siku mbili, Fintan, na kuosha vikombe nisivyojua ni vya nani.

Siku ya maziko baba alibeba jeneza, na miaka yake sabini na minne, na nyonga ile mbovu. Nilimkataza. Hakunisikia, au alijifanya hasikii.

Shada lako lilifika tukiwa tunatoka kwenda kanisani. Kadi baba aliisoma mwenyewe: "Nisamehe, baba." Miaka sita hamjasemezana, na mimi katikati yenu. Alisimama pale mlangoni mpaka watu wakaanza kumwita. Akaichomoa kadi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Maua akaenda kuyalaza juu ya kaburi la mwenzake.

Tuliporudi nilimvua viatu, nikamuuliza nikuandikie nini.

"Mwambie nimeisoma," akasema. "Na kama anakuja, aje wakati mlango bado naufungua mwenyewe."

Mimi sina la kuongeza.

Msalimie mkeo Dympna, na mtoto ambaye baba huuliza ana macho ya nani. Shangazi Concepta na Mama Gaughan wanakusalimu. Mungu akushike usiteleze.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka,
Attracta