Isale Mlangoni kwa Duka Lako

Masama, Juni 2003

Hosea mwanangu,

Sisi wazima, na ng'ombe amezaa jike. Anayeandika ni Eliza wa jirani. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Uliwaletea vijana wa usharika mpira na jezi, ukawahutubia waache pombe, ukapigiwa makofi. Kesho yake gari lako likashusha viroba dukani kwako, hivyo vipakiti vya pombe kali ambavyo mtoto anaficha kwenye soksi ya shule. Mfadhili gani wewe? Fisi mwenye tai!

Jovin wako, uliyeniletea nimlee, yuko darasa la sita tu. Tulimwokota kando ya mfereji, hajitambui. Kiroba cha dukani kwako kilikuwa mfukoni. Nimemkanda, nimemnywesha maziwa, nimelala naye kama mtoto mchanga. Sasa anakula.

Sisi wanawake wa usharika tumefunga isale, jani la wazee la kuwekea mwiko na kuombea msamaha, mlangoni kwa duka lako, asipite mtu. Muuzaji wako akacheka, "Bibi, hilo si jani tu?" Nikamwambia, "Basi lifungue, baba." Mpaka leo amekaa nje.

Usinitumie sukari, sitaki. Njoo mwenyewe, ushike isale hilohilo kwa mikono miwili, umwombe Jovin msamaha mbele yangu. Baba kumwomba mtoto wake msamaha kwa isale, hilo halijaonekana huku. Litaonekana.

Ukimaliza utakula. Nitakupikia mtori, maana umekonda kwa tamaa.

Mama yako,
Mektrida