Sauti ya Tessa

St. Louis, Jumapili

Dada yangu Maureen,

Theluji imeyeyuka, na mume wangu Wade kapata kibarua cha kupaka rangi nyumba karibu na hospitali alikolazwa Tessa wetu. Kahawa ya hapa bado ni kama maji ya kuoshea vyombo.

Najua uliponiambia, "Mrudishe mtoto, mdogo wangu, afie kwao," ulikuwa unamkumbuka mdogo wetu Clint, aliyezaliwa na ugonjwa huuhuu wa mapafu tukamzika. Mimi pia namkumbuka. Ndiyo maana nilikataa.

Jumatatu yalipatikana mapafu ya mtoto mwingine aliyefariki, ya kumpandikizia Tessa. Daktari hakutuficha: "Huenda yasidumu miaka mingi."

Nikajibu mimi: "Nani kaandikiwa miaka, daktari? Mpasueni."

Nilimlilia mama wa yule mtoto mwingine, kisha nikafuta machozi nikangoja hadi upasuaji ukaisha salama.

Jana walimtoa Tessa mpira wa kupumulia kooni. Miezi minne yote ulikuwa umemziba sauti, hata akilia tunaona machozi tu. Sasa akalia, Maureen, akalia kwa nguvu! Sauti inakwaruza kama ya bata.

Wade akasema, "Hapo kakuchukua wewe."

Njoo umsikie.

Mdogo wako,
Darla