Ruta Yetu na Fundi wa Ruangwa

Tunduma

Kwako Baba Salma, mume wangu,

Asalaam alaikum. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenishika vidoleni, ndiyo maana mwandiko umepinda. Hujambo wewe? Salma na mama wanaendeleaje? Mama miguu imepoa? Na ufuta wetu wa Lionja mmeshavuna? Ofisini malori yanapanga foleni na karatasi za mizigo haziishi, lakini si hayo yaliyonifanya nikae kuandika.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Ni hili la ruta. Wazo lilikuwa letu sote. Nilikuomba tuweke nyumbani ruta yenye VPN, ile njia ya siri ya mtandaoni, ili nikitumia mtandao wa watu huku niweze kuingia kwenye kompyuta ya duka letu hapo nyumbani bila mtu kuchungulia. Tukakubaliana iwe kitu kisichokula umeme, maana tunategemea sola, tena kisichopiga kelele, maana kitakaa chumbani kwa mama, na usingizi wake unaujua. Nilifurahi. Nilijua tutachagua pamoja kama tulivyochagua mabati, mpaka mwenye duka akatuchoka.

Kisha ukaenda Ruangwa kwa fundi Zuhura. Tangu hapo kila nikisema neno, Zuhura ameshalisema. Nikitaja kompyuta ndogo isiyo na feni ya kugeuza ruta, Zuhura ameshakuonyesha. Nikitaja diski isiyozunguka, Zuhura naye anasema hivyohivyo. Juzi nikakuuliza kwa nini umerudi tena Ruangwa wakati adapta ya umeme iliyobaki ingeweza kuja na basi. Ukasema mlikuwa mnapima ipi haichoshi betri, na kwamba mlicheka sana mama yake Zuhura alipodhani mnatengeneza redio.

Mlicheka.

Usikasirike, nilimpigia Zuhura mwenyewe. Nilijiandaa kugomba. Akapokea kwa adabu, akanieleza kifaa kimoja kimoja, na vyote ndivyo ningechagua mimi. Laiti angekosea hata kimoja. Mwisho nikamuuliza kama ameolewa. Akasema, "Dada, mimi nauza vifaa tu. Mengine muulize mumeo."

Basi nakuuliza. Sijasikia baya, wala sijakushika na kosa. Kinachonitia wivu ni kile kicheko. Kilikuwa changu.

Naomba hivi: vichukue vifaa, umshukuru, lakini asivifunge yeye. Ngoja Jumapili, sina zamu. Weka simu mezani nikuelekeze, ufunge kwa mikono yako, hata skrubu zikidondoka chini ya kitanda cha mama. Neno la siri tulijue mimi na wewe.

Nisalimie wifi yangu anayetulindia shamba, mjomba wa Malolo, na jirani anayemchukua Salma shuleni. Mama mwambie nimemnunulia blanketi zito.

Ni mimi mkeo, ambaye Jumapili hatoki chumbani mpaka upige,

Fadhila