Kigingi Tulichokihamisha Mimi na Wewe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa uko chini ya udongo wa Kwaluguru na mimi niko mbali, kwenye bandari ya nchi ya baridi, mikono imepasuka kwa chumvi na grisi. Darasa langu la tano unalijua, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Nina mambo mawili ya kukuambia: nimekasirika, na ile ahadi nimeivunja. Naandika wazi, kila mtu asome, maana siri hii imekaa nyumbani kwetu muda mrefu mno.

Kwanza kazi yangu. Hapa wanasimamisha mitambo ya upepo ndani ya bahari. Kila mmoja ni nguzo ya chuma ndefu kuliko mkuyu wowote uliowahi kuukata. Juu ina mapanga matatu yanayozungushwa na upepo, na umeme wake husafiri kwa waya chini ya maji mpaka nchi kavu. Mimi siendi baharini. Nabaki gatini, nasugua kutu, napaka bolti grisi, nafunga vyuma minyororo ili winchi ivinyanyue. Wenyewe wanaita mitambo hiyo shamba. Ungecheka wewe. Ungeuliza, "Shamba gani hilo lisilo na nguruwe wa kufukuza?"

Mwezi uliopita uliitishwa mkutano, kwa sababu kampuni inataka kuongeza mitambo mingine. Nasi vibarua tuliambiwa twende, kwa kuwa tunaishi hapa. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Baba, watu walibishana! Fundi mmoja alisema bandari ilikuwa imekufa, sasa vijana wana kazi, na umeme huu hauna moshi. Ni kweli, hata mimi nala kwa mitambo hiyo, siwezi kuitukana. Mvuvi akajibu kwamba nguzo zikipigiliwa samaki wanakimbia, na pale baba yake alipokuwa akitupa nyavu yeye leo haruhusiwi hata kupita. Ndipo akasimama mama mmoja muuza samaki, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akamnyooshea kidole mtu wa kampuni.

"Umeme huo utakuja kwangu, au utanipita?"

"Mama, utaingia kwenye gridi ya taifa."

"Sijauliza unaingia wapi. Nimeuliza kama utakuja kwangu."

Ukumbi ukacheka. Yule bwana ikabidi ashuke jukwaani, akae naye, amfungulie ramani na kumwonyesha waya kwa kidole mpaka akaridhika. Kisha ikasomwa taarifa ya bata. Ndiyo, bata. Mtu amekaa na darubini misimu miwili ya baridi akiangalia bata wa baharini wanapita wapi, ili nguzo zisizibe njia yao. Na nguzo zimesogezwa.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Bata sikuwaonea wivu, waache waruke. Nilimkumbuka mama yangu.

Unaukumbuka mwaka walipokuja wapimaji. Ruksa ilikuwa imeanza, biashara zimefunguliwa, soko la Korogwe limejaa mitumba na sabuni za rangi, kila mtu anaamini sasa ni zamu yetu. Mama alikuwa amekwisha kufa, amelala nyuma ya nyumba, kaburi lake tumelizungushia mawe. Wapimaji walisema wanapima njia ya umeme, wakaishia hapo. Wewe uliwachinjia jogoo. Kwetu mgeni hulishwa kwanza, ndipo huulizwa kilichomleta, na akishakula kwako kumbana kwa maswali ni kukosa adabu. Wakala, wakausifu ugali, wakanawa mikono, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza kitu. Nyuma yao waliacha vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani. Cha kwetu kilikuwa mwisho wa shamba la muhogo, mbali na nyumba.

Kijiji kikajijibu chenyewe. Ilisemekana kigingi ni alama ya nyumba itakayopata taa. Wenye kigingi karibu na nyumba walitembea wamevimba. Jirani yetu akakuambia kisimani, mbele ya watu, "Wewe mzee, taa yako itawamulikia ngedere muhogoni!" Ulicheka pamoja nao, lakini ulirudi nyumbani umenyamaza. Ujanani ulibeba zege kule Hale, kwenye bwawa la umeme, bega la kulia likabaki limeinama kwa kazi ile ya umeme, na tangu siku hizo hukuwahi kuwasha kitu zaidi ya kibatari.

Basi mchana mmoja wa jua kali, watu wako mashambani, ukaniita. "Shika sururu." Tuliking'oa kile kigingi, ukakifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga, tukakichimbia nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwa mama. Nilikuuliza kwa nini huku nyuma na si mlangoni. Ulisema, "Na yeye aone." Halafu ukanishika mkono. "Jambo hili tufe nalo. Hata dada yako asijue." Nikasema ndiyo, baba.

Waliokuja baadaye hawakuwa wale waliokula jogoo. Hawa walikuja na tingatinga, wakafuata vigingi tu, kimoja hadi kingine. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alizima mashine akakuambia, "Mzee, mimi nafuata alama." Ulifungua mdomo, ukaufunga. Nyumba ikaenda. Kaburi likaenda. Ikasimama nguzo ya chuma yenye miguu minne, na mguu mmoja ulikanyaga pale tulipomlaza mama. Dada Mwajuma alijitupa chini akipiga kelele, "Kwa nini sisi? Baba, kwa nini sisi?" Waya zikapita juu yetu kwenda mijini, na kijijini kwetu haikuwaka taa hata moja, hata kwa yule jirani wa kisimani.

Sasa nikuambie lisilosemeka. Mimi nilikuchukia. Nilikuona mjinga uliyemfukia mkeo mara ya pili. Nilipozamia meli pale Tanga nusu nilikuwa natafuta maisha, nusu nakukimbia wewe. Ulipokufa sikuja, na wala si nauli peke yake iliyonizuia.

Nisamehe, baba. Yule mama muuza samaki hana akili kukushinda. Yeye aliuliza akafunguliwa ramani, wewe uliwapa watu jogoo wako wakakuachia kijiti chenye rangi bila maelezo. Nawauliza walioleta vigingi vile, kama bado wako hai: sentensi moja ingewapunguzia nini? "Mzee, hapa itasimama nguzo, usiisogelee." Basi. Midomo ya kuusifu ugali mlikuwa nayo! Bata wamelindwa misimu miwili, na mtu aliyewabebea zege hakupewa hata neno. Msiniambie kwamba zile zilikuwa shida za maendeleo. Maendeleo yalikuwa na gari, yalikuja mpaka uani kwetu, yakala, yakashiba.

Hasira hiyo ningebaki nayo mwenyewe, lakini wiki mbili zilizopita imefika barua ya Mwajuma. Anaandika: "Mdogo wangu, wawekezaji wamekuja kupima upepo, wanataka kusimamisha mapanga kama hayo yako. Wameweka vigingi. Jirani kapata, sisi tumenyimwa. Shemeji yako amesema haonewi, atakihamishia kwetu."

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nikapiga simu kwenye duka moja Handeni, nikaomba Mwajuma aitwe, nikapiga tena siku aliyoahidi kufika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Kigingi kiko wapi?"

"Kigingi gani tena?"

"Cha jirani, dada."

Akacheka chinichini. "Kiko uvunguni. Shemeji yako anasubiri watu waende mnadani."

Ndipo nikavunja ahadi. Nikamwambia yote: sururu, shuka, mchana ule, maneno yako. Nilimsikia mtu dukani akiomba betri za redio.

"Kwa hiyo ni baba," akasema.

"Ni mimi na baba."

"Na mimi miaka yote ile namwuliza yeye kwa nini sisi." Akalia. Nikamwacha alie. Kisha akapenga kamasi, akarudi kuwa dada ninayemjua. "Haya, wewe uliye nayo hapo. Mapanga yenyewe ni mazuri au mabaya?"

Nilimjibu kwa haki, baba. Nilimwambia hayana moshi wala hayakaushi mto, na ng'ombe wanaweza kula majani chini yake. Nilimwambia pia kwamba yananguruma, barabara zake zinameza mashamba, na kazi nyingi huisha yakishasimama. Ni mazuri kwa anayepata umeme wake. Kwa anayepitwa ni kivuli kinachozunguka juu ya paa lake.

"Siwezi kuwapimia kutoka huku," nikasema. "Pimeni wenyewe. Ila wakija, msimpikie mtu mpaka aseme umeme unakwenda wapi, nani anahama, na makaburi yatafanywaje."

"Mgeni asile?" Alishtuka kweli.

"Atakula akishajibu."

"Basi kigingi hiki sikirudishi kimyakimya. Wana mkutano Jumamosi. Nitakifunga kwenye kanga, nikiweke mezani mbele yao, niwaulize: hiki ni nini? Wakishasema, nitamrudishia jirani mwenyewe, watu wakiona."

"Na shemeji je?"

"Shemeji yako atabeba meza."

Leo ni Jumamosi, baba. Niko gatini, winchi inanguruma, na saa yangu nimeigeuza isome saa ya nyumbani. Hivi sasa binti yako amesimama mbele ya wageni na lile swali ulilolimeza siku ile mbele ya tingatinga. Sijui watamjibu nini. Najua tu kwamba hakuna aliyepikiwa, na jogoo bado yuko uani.

Pumzika sasa, pumzika na mama. Mzigo uliokuwa wako peke yako tumeugawana watatu.

Ni mimi, kitindamimba wako, niliyeshika sururu.