Barua Iliyoniita Mgeni

Dada Prudensia, nakusalimu kwa heshima, nishike mkono maana nimekwama. Nilihama Minnesota wiki saba zilizopita baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikapokelewa hapa Euless na Mama Mwenda, nesi, rafiki wa marehemu mama yangu, na huyo mama ananitunza kupita kiasi, hata nguo zangu ananikunjia, sasa mimi nina kisukari na sijamwambia, sindano nazificha kwenye mkoba, chai yake tamu nakunywa nusu nikisema nimeshiba, na bima yangu ya Minnesota imekatika. Nikaomba mpya, wakataka ushahidi kwamba kweli nimehamia Texas, na kwa kuwa sina mkataba wa nyumba, wakasema ninayeishi naye aandike barua. Mama Mwenda aliandika siku hiyo hiyo, akanisomea mezani kwa sauti: Kwamboka ni mgeni wetu mpendwa kutoka Minnesota, na mlango wetu uko wazi kwake kwa muda wowote atakaopenda kukaa. Dada, nililia. Wenye bima wakaikataa, wakasema mgeni si mkazi. Mama alipouliza, "Ile letter yangu ilipita?" nikamwambia ilipita, akapiga makofi.

Zimebaki siku kumi na moja muda wa kuomba uishe, na kalamu mbili za insulini. Kazini, ghalani karibu na uwanja wa ndege, hawanipi bima, na hata huko niliandikisha anwani ya kaka yangu wa Minnesota. Placide, tunayeimba naye kwaya, ananiambia, "Unitumie ile facture ya courant, nitatia jina yako mule, ni dakika tano tu." Anataka bili ya umeme ya mama. Nikimwomba mama aandike tena kwamba mimi si mgeni, nitakuwa kama najigawia nyumba yake. Nifanyeje?

Kwamboka, Euless

Kwamboka mdogo wangu, pole. Pole kwa ndoa, pole kwa ugonjwa, na pole kwa hiyo chai. Lakini unaishi na nesi halafu unamficha kisukari? Ukianguka bafuni, atajuaje akupe nini?

Placide mwambie asante, abaki na kwaya. Karatasi ya kughushi yenye jina lako ni kesi yako, si yake, na nyumba hiyo unalala kweli, uongo wa nini?

Mama hakukosea, aliandika kwa mapenzi. Wenye bima wanauliza jambo moja tu: utarudi Minnesota au hurudi? Nadhani hata wewe hujajijibu, ndiyo maana kazini umeacha anwani ya kaka.

Kesho ukitoka kazini, keti naye, mwonyeshe sindano, umwambie barua ilikataliwa. Atanuna kidogo, halafu unesi utampanda kichwani. Aandike upya, mistari michache: jina lako, anwani, tarehe uliyohamia, na kwamba unaishi hapo moja kwa moja. Atie sahihi, aambatanishe bili yake ya umeme yenye jina lake mwenyewe. Nawe badilisha anwani kazini, uombe barua ya mwajiri. Tuma zote, kisha piga simu uhakikishe zimefika. Insulini usiipunguze, mwulize yeye kliniki ya bei nafuu iko wapi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una siku arobaini na tisa, na mama wa namna hiyo hatakupa jembe hata ukae mwaka. Liombe mwenyewe. Mwambie, "Mama, sirudi tena. Nipe kazi."