Ghorofa ya Kwanza ni Ipi?

Jumatano, 14 Mei. Asubuhi mvua ya rasharasha, sasa jua.

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sote hatujambo, na mguu wa babu yako umepoa. Unauliza kwa nini kampuni zinazojenga jengo moja zilazimishwe kuandika taarifa zao kwa mtindo mmoja, hali kila ofisi ina wake. Swali limenitia hasira, si juu yako.

Nilipokuwa msichana hapa Mji Mkongwe, mama alikuwa hawezi kupanda ngazi, akilala chumba cha chini. Ukuta wa juu ulipata nyufa. Mchoraji wetu wa ramani akaandika, "Bomoa ukuta wa nyuma, ghorofa ya kwanza." Kwetu chini ni chini, ghorofa huanza ukishapanda. Mkandarasi, mgeni, alihesabu kuanzia chini. Tuliporudi na mama kutoka arusi ya jirani, ukuta wa chumba cha mama ulikuwa kifusi.

"Karatasi imesema ya kwanza, Bi Mkubwa," mkandarasi akasema.

"Ghorofa gani isiyo na ngazi?" mama akamjibu. "Kwenu mnapanda kuingia mlangoni?"

Mchoraji naye akang'aka, "Kila mtu anajua!"

Kila mtu nani? Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake, na kila mmoja aliondoka akijiona ana haki. Nyinyi mna kompyuta, lakini nayo itafuata neno ililopewa. Kubalianeni maneno kabla ya nyundo.

Jioni ile tulimbeba mama juu, tukamlaza kando ya ukuta wenye nyufa. Nilikaa nikiutazama, na usingizi ulinijia saa tisa usiku.

Bibi yako